Anaamka Haraka Mno

Wiki iliyopita nilinunua magunia manne ya pumba za mpunga kwa ajili ya banda la kuku, na mwenye mkokoteni, kwa uvivu wake, akayatua uani badala ya kuyapeleka nyuma ya nyumba. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta wanangu watatu wameyapanga chini, wametandika juu yake turubai langu la kuanikia mpunga, na wanarushana. Sikuwagombeza. Nilikaa jikoni nikachambua mchicha huku nawasikia wakibishana kuhusu mwanamieleka mmoja chipukizi wanayemfuatilia kwenye simu ya baba yao. Mkubwa alisema jamaa ana nguvu lakini hana watu. Wa kati akasema watu watakuja tu, apewe muda, apigwe kwanza miezi kadhaa ndipo atapendwa. Kisha kitindamimba wangu, ambaye hata kuoga bado anasimamiwa, akasema, "Tatizo lake anaamka haraka mno."

Kisu kiliniponyoka. Harufu ya pumba ilikuwa imeshaingia jikoni, ile harufu kavu inayokwaruza koo, na kwa kitambo sikuwa hapa Ngokolo ninakoishi wala sikuwa mama wa mtu. Nilikuwa Bugarama nilikokulia, nina miaka tisa, na nimenyoosha mkono kuwazuia watu wazima.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa banda la video lilikuwaje. Mirunda, maturubai, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa zilizotuachia vibanzi mapajani, jenereta linakohoa nje, na joto la watu. La kwetu lilikuwa kando ya njia ya kwenda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kwa hiyo wateja wengi walikuja moja kwa moja kutoka chini ya ardhi, nyusi zimejaa vumbi jeupe. Siku za kawaida zilionyeshwa filamu. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, ilikuwa zamu ya mieleka, na siku hiyo watoto tuliruhusiwa mradi tuje na mtu mzima na tukae chini, mbele kabisa, shingo zimepinda.

Mtu mzima wangu alikuwa mjomba Luhende, mdogo wake mama. Baba yangu alikuwa dereva wa malori na tulimwona kwa msimu, kama embe. Aliyenifunga kamba za viatu na kunibeba mabegani ni mjomba. Naye alishuka duarani kila siku. Kaka yao mkubwa alifukiwa na duara wakati wa masika, kabla sijaanza shule, na hata mwili haukupatikana wote. Mama akabaki na ndugu mmoja wa kiume, na huyo naye kila asubuhi alijifunga kamba kiunoni akashushwa kwenye shimo jirani na lile lililomla kaka yake. Mama hakugusa chakula mpaka amsikie anakohoa uani jioni. Alikuwa hapigi kelele, alikuwa hali tu, na mimi nilijifunza kula taratibu ili nisimtangulie.

Ndani ya banda, mwenye kipaza sauti alikuwa Manju Nkwabi. Enzi zake aliongoza ngoma ya kwao, ndiyo maana watu waliendelea kumwita Manju hata alipokuwa hachezi tena. Kazi yake sasa ilikuwa kutufasiria mieleka, na hakujua Kiingereza hata cha salamu. Alitazama uso wa mpiganaji akatunga. Huyu, alituambia, amemwacha mama yake peke yake kwenye shamba la pamba. Yule ana kisirani kwa sababu ameibiwa ndama. Wazungu wenye misuli walipotupiana maneno kwenye kioo, Manju aliwapa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, na sisi tuliamini kila neno. Mpaka leo wako watu wazima na akili zao wanaodhani yule bwana mwenye ndevu nyekundu kweli aliibiwa ndama.

Kuna jambo moja alilirudia kila Jumapili. Mpiganaji akianguka, akalala kifudifudi, umati ukaanza kuomba aamke, kamera ikamsogelea ikaonyesha chozi, Manju alishusha sauti akasema, "Tazameni. Machozi hayo. Huyu sasa ameiva." Mpiganaji aliyeiva, kwa mujibu wa Manju, si yule anayeangusha wenzake, ni yule anayeweza kulala chini na kulia mpaka watu wakajisahau. Nililiweka jambo hilo moyoni pamoja na amri kumi za Mungu.

Baada ya onyesho watu hawakutawanyika. Walikaa kwenye benchi la nje wakabishana mpaka jua linaelekea kuzama, na ubishi ule ulikuwa mtamu kuliko mieleka yenyewe. Fundi Baba Holo, mshona nguo, alishikilia kwamba mpiganaji ni mavazi na mbinu. Mengine ni porojo. Vijana wa maduarani walisema mdomo ndio kila kitu, mtu asiyejua kuongea na watu akachunge ng'ombe. Manju aliwasikiliza kwa dharau, halafu akawarudisha kwenye ngoma. Sisi Wasukuma, alisema, tunajua tangu zamani nani ameshinda. Makundi mawili yanacheza saa ileile, uwanja uleule, moja huku, jingine kule, na watu wanapiga kura kwa miguu yao. Wakikuhama umekwisha, hata kama unaruka mpaka mawinguni. Yeye mwenyewe waliwahi kumhama. Alikuwa katikati ya wimbo, akageuka, akakuta amebaki na kipofu mmoja tu, ambaye hakujua kwamba wengine wameondoka. Alilisimulia hilo akicheka, lakini hakuwa anatutazama.

Ndipo kutokana na ubishi huo likazuka wazo la mieleka yetu wenyewe. Siku za mnada, ng'ombe wakishauzwa na watu wamejaa, vijana walitengeneza ulingo kwa magunia ya pumba kutoka kwenye mashine za kukoboa, wakafunika turubai, wakazungushia kamba zilezile za duarani. Manju akakataa katakata kuwepo ulingo mmoja wenye refa. Nani kasema mshindi ni yule aliyemlaza mwenzake, aliuliza. Kwa hiyo yakawa malingo mawili, hatua hamsini kutoka mmoja mpaka mwingine, mapambano mawili kwa wakati mmoja, kila upande na nyota wake na mtu wake wa kupigana naye. Mwenye watu wengi mwisho wa pambano ndiye mshindi. Hakuna mahali pengine duniani mieleka inachezwa hivyo, nadhani, na kwetu hakuna aliyeona ajabu.

Nyota wa ulingo mmoja alikuwa mjomba. Walimwita Radi, ila kwa ndimi za kwetu ilikuwa "Ladi". Nyota wa ulingo wa pili alikuwa kijana kutoka Chato aliyekuja minadani kuuza samaki wakavu, naye tukamwita Sangara. Sasa nisikilizeni: Sangara alikuwa mwembamba, alianguka hovyo, alipigwa na kila mtu msimu mzima. Lakini alijua watu. Akiwa amekabwa shingo aliwaamkia wazee shikamoo, akawauliza akina mama bei ya nyanya, akaomba kwa sauti ya mkwaruzo aletewe maji ya kunywa kabla hajafa. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mjomba yeye alimwinua mtu, akamtupa, akamkalia, kwisha. Akiangushwa aliruka akasimama papo hapo, anajipangusa, kana kwamba ameteleza mbele ya wakwe. Walimpigia makofi kama unavyompigia mtu aliyebeba gunia zito, halafu wakageuza shingo kumtafuta Sangara. Watu walimheshimu mjomba, hawakumpenda, na iliniuma kwelikweli.

Halafu ikaja habari kwamba bwana mmoja wa Mwanza mwenye kikundi cha mieleka, cha kuzunguka mikoani, atakuja mnada wa mwisho wa msimu kuchukua kijana mmoja. Mmoja tu. Atamlisha, atampa mahali pa kulala, atamfundisha. Mama alipopata habari hiyo alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti. Mjomba akienda Mwanza, asingeshuka tena kwenye shimo. Hilo ndilo lilikuwa likishindaniwa. Wengine walidhani ni mieleka.

Jumapili iliyofuata benchi la nje lilikuwa na mada moja tu: Radi afanye nini apendwe. Mjomba mwenyewe alikuwepo, amekaa pembeni anakata kucha kwa wembe, anajifanya hasikii. Baba Holo akasema amshonee joho. Vijana wakasema ajifunze vichekesho, na kila mtu akanyamaza akijaribu kumwaza mjomba akichekesha. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake. Sijui ni nani aliyenipa mdomo siku ile. Nikasema, "Mjomba anaamka haraka mno."

Wakacheka. Mtoto wa kike tena, ana miaka tisa, anachambua mieleka. Lakini nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimefikiri juu ya hilo kwa wiki nyingi. Nikasema wale wa kwenye kioo hulala mpaka tumbo likuume. Mjomba hatupi nafasi ya kumwonea huruma. Kabla hujashtuka, ameshasimama. Sasa utamwita nani aamke, wakati yuko wima? Kicheko kikafa kidogo kidogo. Manju Nkwabi akasema mtoto ameona walichoshindwa kuona wazee. Sijawahi kusifiwa namna ile tena maishani, na nimeolewa, nimezaa, nimejenga.

Mjomba alilichukua kwa uzito kuliko wote. Kuanzia kesho yake, akirudi kutoka duarani na kuoga, tulifanya mazoezi uani kwetu juu ya magunia mawili ya pumba. Alijitupa, akalala. Mimi nikasimama upande wa kichwa chake, nikihesabu. Mwanzoni hakuweza; mwili wake ulikataa kabisa, aliinuka kabla sijafika nne. Aliniambia kwamba chini kule, ukikaa umelala, maana yake umekufa, ndiyo maana mwili umezoea kuruka. Nikamwambia alale, mimi nipo. Ndivyo nilivyomwambia, mimi mwenye miaka tisa. Akajaribu tena, na tena, nami kila nilipoona bega linatikisika nilisema, "Bado." Akawa anatulia. Baada ya wiki tatu aliweza kulala muda wa kuchemsha chai.

Kilichobaki kilikuwa machozi. Hayakuja. Alikodoa macho, akajifinya, akapaka kitunguu, wapi. Nikamwambia asijali, Manju kasema huja yenyewe mtu akishaiva.

Tukawekeana mpango, na Mabula, kijana wa duara moja naye aliyekuwa mpinzani wake ulingoni, akaambiwa, na mama akaambiwa. Mjomba alinishika mabega akanieleza polepole kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba. Alisema akishalala haoni watu. "Wewe ndiye macho yangu, Kabula. Ukiona hawajahama, sema bado. Ukiona wamejaa, niite kwa jina la ulingoni, na mimi nitaamka." Mabula akaagizwa asimguse mpaka mimi niseme. Nililala usiku huo nimekumbatia kazi hiyo kifuani.

Siku ya mnada kulikuwa na vumbi na upepo wa kiangazi. Bwana wa Mwanza alikuwepo, amevaa kofia ya ngozi, anasimama huku kidogo na kule kidogo. Mapambano yakaanza. Kwa muda mfupi watu walikuwa nusu kwa nusu, kisha Sangara akaanza. Sikuona alichokuwa anafanya, nilisikia kicheko tu, kikubwa, kinarudia rudia, na kila kicheko kilipopanda, watu wetu kadhaa waligeuka wakaondoka. Bwana wa Mwanza naye akaenda. Nilihesabu waliobaki kwenye ulingo wetu: mama, amekaa juu ya ndoo, Baba Holo, kwa sababu alikuwa ameshona joho na alitaka kuliona, na watoto kumi na kitu. Nikamkumbuka kipofu wa Manju. Nilitaka kulia kwa hasira.

Mabula akamwinua mjomba juu ya kichwa, kama tulivyopanga, akamtupa.

Magunia yalikuwa yamepigwa mapambano matatu kabla ya lile. Gunia moja chini ya turubai lilikuwa limepasuka na pumba zake zimesogea pembeni, na pale katikati ilibaki ardhi tu, ardhi ya mnada iliyoshindiliwa na kwato. Sisi hatukujua. Mjomba alitangulia kichwa. Sikusikia chochote, pumba humeza sauti. Iliruka ile harufu tu, na vumbi lake jepesi likaelea juu yake.

Akalala. Hakutikisika hata bega. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana hajawahi kulala vizuri vile. Mabula akamtazama, akainama, mkono wake unakaribia kumgusa. Mama akanyanyuka kwenye ndoo. Nami nikanyoosha mkono, hivi, kiganja wazi, nikasema, "Bado."

Mabula akasimama wima. Mama akakaa.

Kimya cha ulingo wetu kikaanza kufanya kazi. Mtu mmoja wa upande wa Sangara akageuka kutazama kwa nini huku kumenyamaza, akamwona mtu amelala na wenzake wamesimama. Akaja. Akaja na mwingine. Halafu wakaja kumi, halafu sikuweza kuhesabu, wakaja wanakimbia, wachuuzi wakaacha meza zao, wachungaji wakaacha ng'ombe. Kule kwa Sangara kukabaki vumbi. Walitusukuma mpaka kamba zikanigusa mgongoni. Bwana wa Mwanza akapenya mbele, akavua kofia. Manju Nkwabi alikuwa na kipaza sauti chake, sauti imeshuka kama Jumapili. Na mimi nilisema bado. Kila Mabula aliponitazama, nilisema bado.

Kisha mjomba akageuza macho. Uso wake ulikuwa umelalia shavu, umeelekea kwangu. Macho yakanitafuta, yakanipata, na chozi likatoka, likavuka pua, likaanguka kwenye turubai. Likafuata la pili. Manju akaliona. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya kutetemeka ambayo hakuitunga, "Ameiva."

Nitasema ukweli, maana umri huu kudanganya kunachosha. Hiyo ndiyo dakika iliyonifurahisha kuliko zote za utoto wangu. Nilimtazama mjomba wangu akilia na nikajua tumeshinda, anakwenda Mwanza, mama atakula chakula cha jioni kikiwa cha moto. Nikashusha mkono nikaanza kuita: "Ladi!" Uwanja mzima ukaitikia. Ladi, Ladi, Ladi, mpaka ng'ombe wakavuta kamba. Wanawake walilia wazi wazi. Hawajawahi kumpenda mtu vile.

Sangara ndiye aliyejua. Alikuja mwisho, ulingo wake umemfia, bado ana unga usoni wa vichekesho vyake. Yeye alikuwa ameanguka mara nyingi kuliko sisi sote, alijua mtu anayejilaza anakuwaje. Akavuka kamba, akapiga magoti, akamwekea mjomba kidole kiganjani. Akainua uso. "Nyamazeni," akasema. "Huyu hachezi."

Ilichukua muda kunyamaza. Walio nyuma waliendelea kuita kwa sababu hawakusikia.

Walimbeba juu ya mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha nyama, wakampeleka hospitali kwa gari la bwana wa Mwanza. Shingo, wakasema. Bwana wa Mwanza hakuchukua mtu yeyote siku ile wala hakurudi. Magunia ya pumba yalichomwa moto, na mieleka ya mnada ikaishia hapo. Mjomba aliletwa nyumbani baada ya wiki nyingi, akawekwa kitandani karibu na dirisha. Kuanzia shingo kushuka chini hakuwa na kitu. Duarani hakushuka tena, kama mama alivyoomba.

Mwanzoni walikuja watu wengi. Uani palijaa, kila mmoja na kuku wake, na mchele wake, na habari ya jinsi alivyolia siku ile. Halafu wakapungua. Zilipofika mvua walikuwa wanakuja wawili watatu. Kufikia msimu wa pamba, alibaki Sangara, aliyekuja kila mnada na samaki mkavu wa Chato amefungwa kwenye gazeti, akakaa kwenye kigoda akamwamkia shikamoo mtu wa umri wake, ili kumchekesha. Ulingoni hakupanda tena. Manju alifika mara moja, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia. Niliona mgongo wake ukiondoka na sikumhurumia.

Hata mimi nilikimbia. Nililala nyumba ileile na nikawa siingii kile chumba. Nilijipa kazi, nilichota maji ambayo hayakuhitajika, niliokota kuni tulizokuwa nazo. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Ukubwani nilimwuliza daktari mmoja, kana kwamba naulizia habari za jirani. Akaniambia shingo ilivunjika pale pale alipotua, na kwamba kutomgusa ndiko kulikuwa sawa. Mtoto yule aliyewazuia watu, alisema, alifanya vizuri. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Maneno yake ni kweli na hayajanisaidia hata kidogo. Mimi sikuwazuia kwa ajili ya shingo.

Siku moja asubuhi mama alikwenda shamba akaniachia bakuli la uji, bila kunipa nafasi ya kukataa. Nikaingia. Mjomba alikuwa amekonda uso, macho yamekuwa makubwa. Nikamlisha kijiko baada ya kijiko, natazama kijiko tu. Alipofika nusu, akafunga mdomo, nikajua anataka kuongea.

"Walijaa?" akauliza.

"Walijaa, mjomba. Hata wa kwa Sangara walikuja wote."

"Wote?"

"Wote. Walibaki ng'ombe."

Akatabasamu. Kuku alikuwa anaparua nje ya dirisha. Kisha akaniuliza kama niliyaona machozi. Nikasema niliyaona. Akaniuliza nilidhani nini. Ningeweza kusema sijui, nilikuwa mtoto, ingetosha. Nikamwambia, "Nilidhani umeiva."

Alicheka. Kicheko chake kilikuwa kimebaki usoni peke yake, kifua hakikufuata. Akasema basi kweli aliiva. Kama mwalimu wake mwenyewe hakujua, nani mwingine angejua? Nikacheka naye, nikaanza kulia, nikamfuta uji kidevuni. Nilidhani imekwisha, amenisamehe, sasa nitaweza kuingia chumba hiki kila siku. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile, shavu limelalia mto.

"Lakini nilikuwa nakuita, mama," akasema. "Sauti haikutoka. Nilikuwa nakuita wewe."

Alifariki kabla pamba haijamalizika kuvunwa. Kwenye msiba walijaa tena, mpaka barabarani.

Uani, siku ya pumba, ubishi wa wanangu ulikuwa umekwisha na sasa walikuwa wanaonyeshana inavyotakiwa. Kitindamimba alikuwa amelala juu ya turubai, shavu chini, ametulia tuli, hata kope hazichezi. Kaka zake wamesimama pembeni wanahesabu, wamefika sita. Alikuwa anafanya vizuri sana. Niliacha mchicha, nikavuka ua, nikamzoa pamoja na pumba zilizomganda, nikambana kifuani mpaka akaanza kurusha miguu.

"Mama umeharibu," akasema kwa hasira. "Ulitakiwa uniite kwanza."

"Najua," nikamwambia. "Mimi siiti. Mimi nakuja."